Jiko Linalowashwa na Jeraha

Nyasi zikifyekwa, harufu yake hufika mbali kabla mwenye kufyeka hajainua mgongo. Tango likikatwa, jiko zima hujua. Harufu hizi tumezizoea kiasi cha kudhani kwamba zilikuwa zimejificha ndani ya jani na ndani ya tunda, zikingoja kufunguliwa mlango. Sivyo. Jani lililo zima halina harufu ile, au linayo kwa kiasi kidogo mno. Kilichomo ndani yake ni mafuta ya utando wa seli upande mmoja, vimeng'enya upande mwingine, na hewa ya oksijeni inayopita katikati. Kisu kinapopita, vitatu hivyo hukutana, na kinachozaliwa papo hapo ndicho pua hukinusa. Baharini kazi hiyo hufanyika usiku na mchana bila kisu wala mfyekaji, na wanaoifanya ni mwani wa kila namna: ule mwekundu na wa kahawia unaoshikamana na miamba, na ule mdogo usioonekana kwa macho unaoelea katika maji ya juu. Wanakemia huviita vitu vinavyozalishwa hivi oksilipini, yaani mafuta yaliyopokea oksijeni. Kwa miaka mingi vimeelezwa hasa kama sumu ambazo mwani huwatilia wanaoula. Sura hii inatetea hoja nyingine: kwamba tutavielewa vizuri zaidi tukivitazama kwanza kama habari ya jeraha, na kwamba usumu wake, ambao ni wa kweli, ulikuja nyuma ya habari hiyo.

Tuanze na mafuta yenyewe, maana hapo ndipo pingamizi la kwanza linapochipuka. Mafuta ya nazi hukaa chupani miezi mingi bila kuharibika. Dagaa waliokaushwa, wakilazwa ghalani muda mrefu, hugeuka rangi kuelekea manjano na kuwa wakali kooni. Tofauti yao ni ya umbo la molekuli. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni; katika nazi minyororo mingi imejaa hidrojeni pande zote, kwa hiyo oksijeni haipati pa kushika. Katika samaki wa baharini minyororo mingi ina vifungo maradufu, na kaboni iliyobanwa kati ya vifungo viwili vya namna hiyo huwa na hidrojeni iliyoshikwa kilegevu. Ikichomolewa hiyo, oksijeni huingia mahali pake, na mafuta huanza safari ya kuchacha. Samaki hawakuyatengeneza wenyewe mafuta hayo kwa sehemu kubwa; waliyapata kutoka chini ya mnyororo wa chakula, kwa mwani mdogo wa planktoni. Mwani una hazina kubwa ya asidi zenye kaboni 20: ya arakidoniki, yenye vifungo maradufu 4, na ya eikosapentaenoiki, yenye 5. Basi msomaji mwenye shaka ana haki ya kuuliza: je, hizi oksilipini si mafuta yaliyochacha tu? Kiumbe chenye mafuta mepesi kuharibika kinakufa, mafuta yanaharibika, na sisi tunabandika jina la kitaalamu juu ya uvundo.

Jibu limo katika jinsi oksijeni inavyoingia. Mafuta yanapochacha yenyewe, oksijeni hujishikiza popote palipo na nafasi: kaboni hii, kaboni ile, upande wa kulia, upande wa kushoto. Molekuli nyingi zina umbo la mkono, yaani zinaweza kuwa na pacha anayefanana nazo kama mkono wa kulia unavyofanana na wa kushoto, na mafuta yanayochacha hutoa mapacha wote wawili kwa kiasi sawa. Kimeng'enya kiitwacho lipoksijenasi hakifanyi hivyo. Ndani yake mna atomu moja ya chuma, imewekwa mwishoni mwa njia nyembamba ambamo mnyororo wa mafuta huingizwa kama uzi kwenye tundu la sindano. Hidrojeni inayochomolewa ni moja iliyochaguliwa, na kwa kawaida oksijeni huwekwa kwenye kaboni moja, upande mmoja. Kinachotoka ni hidroperoksidi ya mkono mmoja. Aina moja ya mwani itaiweka oksijeni kwenye kaboni ya tisa, aina nyingine itachagua kaboni tofauti, na chaguo hilo hurithiwa kama umbo la jani linavyorithiwa. Uozo hauna nidhamu ya namna hiyo.

Hata hivyo sitaki kuliondoa pingamizi hili kwa haraka, kwa sababu lina chembe ya ukweli inayosaidia hoja yangu. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi na Laminaria digitata, mwani mkubwa wa kahawia wa pwani za baridi za Atlantiki, waliuweka kwenye maji yenye shaba nyingi na wakapima mafuta yaliyopokea oksijeni. Walikuta kazi ya vimeng'enya, na kando yake wakakuta pia dalili za mafuta yaliyooksidika bila msaada wa kimeng'enya, kwa ukali wa shaba yenyewe. Njia mbili katika jani moja, kwa wakati mmoja. Naona hapa kidokezo cha asili ya jambo hili. Mafuta yaliyooksidika ovyo ni moshi wa nyumba inayoungua. Hakuna aliyekusudia kuutoa, lakini anayeuona hujua kuna nini. Viumbe vilivyoweza kuusoma moshi huo viliokoka zaidi, na vilivyoweza kuutoa kwa haraka na kwa namna inayotambulika viliweza kusema jambo mahususi. Lipoksijenasi ni moshi uliofundishwa kusema.

Tusogee karibu zaidi, hadi kwenye seli moja. Thalassiosira rotula ni daiatomu, mwani wa seli moja unaoishi ndani ya kopo la silika lenye kifuniko, umbo lake kama kisahani cha duara kisichofika sehemu ya kumi ya milimita. Seli zake huunganishwa na uzi mwembamba katikati, zikaning'inia majini mithili ya shanga zilizoachanishwa. Daiatomu kwa jumla si viumbe vya kupuuzwa: hufanya takriban moja ya tano ya usanisinuru wote wa dunia. Mlaji wao mkuu ni kopepodi, mdudu wa majini wa jamii ya kamba, ambaye taya zake zina meno yaliyofunikwa silika vilevile. Kopo la silika linavunjwa na jino la silika. Mwaka 2000 mwanakemia Georg Pohnert alionyesha kinachotokea kopo hilo linapovunjika. Seli nzima karibu hazina kabisa aldehidi kali. Zikipasuliwa, aldehidi hizo, dekadienali na dekatrienali zenye kaboni 10 kila moja, hutokea ndani ya dakika chache. Mkondo wake ni huu: kimeng'enya cha kwanza hukata mafuta kutoka kwenye utando na kuachia asidi huru, lipoksijenasi huipa oksijeni, kimeng'enya cha tatu hukata mnyororo vipande viwili, na kimoja kati ya hivyo ndicho aldehidi. Kila kimoja hupokea kazi mkononi mwa mwenzake. Kazi ya baadaye juu ya Skeletonema ilionyesha kwamba malighafi hutoka zaidi kwenye mafuta ya kloroplasti, yaani utando ule ule uliokuwa ukivuna mwanga muda mfupi kabla.

Mpangilio huu una busara ya kimatumizi inayostahili kutazamwa vizuri. Dekadienali hushika protini na kuziharibu; seli ambayo ingeiweka akiba ingekuwa kama mtu aliyelaza kaa la moto juu ya paa la makuti. Tena akiba ya sumu ni mali iliyolala, na kiumbe kidogo kama daiatomu hakina nafasi ya mali iliyolala. Kwa hiyo hakikuweka akiba. Mafuta yana kazi yake ya kila siku kwenye utando, vimeng'enya vimetengwa nayo, na mapishi hayaanzi mpaka jeraha livikutanishe. Jiko linawashwa na jeraha lenyewe.

Hadithi ya sumu ilipata nguvu huko Napoli, kwenye Stazione Zoologica Anton Dohrn, kituo cha elimu ya bahari kilichoanzishwa mwaka 1872. Mwaka 1999 Antonio Miralto, Adrianna Ianora na wenzao walitangaza katika jarida la Nature kwamba aldehidi za daiatomu huzuia mayai ya kopepodi kuanguliwa. Jambo hili lilishtua, kwa sababu vitabu vyote vilifundisha kwamba daiatomu ndio malisho bora ya kopepodi, na kopepodi ndio malisho ya samaki wachanga. Huo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wa dunia. Iliyoonyeshwa Napoli ni dhuluma ya polepole: mama anakula, anashiba, hafi, anataga mayai kama kawaida, kisha mayai hayaanguliwi au yanatoa watoto wenye maumbile yaliyopotoka. Mwaka 2004 kundi hilo likaongeza ushahidi kutoka kaskazini mwa bahari ya Adriatiki, wakati wa mlipuko wa Skeletonema, kwamba watoto wa kopepodi walipungua pia nje ya maabara. Ilionekana kesi imekwisha: mwani una silaha, silaha inalenga kizazi cha adui.

Kesi haikuwa imekwisha. Mwaka 2002 Xabier Irigoien na kundi kubwa la watafiti walikusanya takwimu kutoka maeneo 12 ya bahari duniani, wakalinganisha wingi wa daiatomu na kiwango cha mayai ya kopepodi yanayoanguliwa. Hawakuona uhusiano wa kushuka. Palipokuwa na daiatomu nyingi, mayai yalianguliwa vizuri tu. Hili ni pingamizi zito, na wanaolipuuza wanakosea. Majibu yaliyotolewa ni mawili, na yote yana uzito. La kwanza ni kwamba kopepodi baharini hali chakula cha aina moja kama anavyolishwa kwenye chupa ya maabara. Anachanganya, na mchanganyiko hupunguza makali. La pili ni kwamba daiatomu si kitu kimoja. Aina nyingi zilipopimwa moja moja, zilizotoa aldehidi zilikuwa karibu theluthi tu. Ukijumlisha daiatomu wote katika safu moja ya takwimu, umechanganya wenye jiko na wasio nalo. Kisha ikagundulika kwamba baadhi ya wasiotoa aldehidi hutoa oksilipini nyingine, hidroperoksidi na jamaa zake, ambazo nazo huwadhuru watoto wa kopepodi. Nakubali majibu haya. Lakini yanalipa gharama: silaha ambayo theluthi wanayo kwa namna moja, wengine kwa namna nyingine, wengine hawana kabisa, na ambayo athari yake hupotea adui anapobadilisha mlo, ni silaha dhaifu kuwa sababu kuu ya kuwepo kwa kazi iliyopangwa kwa ustadi kiasi hiki.

Na kuna pingamizi la ndani zaidi. Jiko linawaka seli inapopasuka, yaani inapokuwa tayari imeliwa. Marehemu hanufaiki na kulipiza kisasi. Watetezi wa silaha husema kwamba daiatomu huzaliana kwa kugawanyika, kwa hiyo majirani wa marehemu ni nakala zake. Akimpunguza kopepodi wa kesho, amewakinga ndugu. Hoja ni nzuri kwenye karatasi, ila uchunguzi wa vinasaba vya milipuko ya daiatomu umeonyesha kwamba ndani ya mlipuko mmoja mna nasaba nyingi zilizochanganyika, na maji hayatulii. Kizazi cha kopepodi kinachozuiwa leo kinawafaa majirani wote, wenye jiko na wasio na jiko, ndugu na wageni. Asiyegharimia anavuna sawa na aliyegharimia, na katika hesabu ya urithi hilo ni tatizo kubwa.

Mtazamo wa habari unalikwepa tatizo hili kwa njia rahisi: habari humfaa anayeisikia, hata kama aliyeitoa amekwisha kufa. Mwaka 2006 Assaf Vardi na wenzake waliwawekea daiatomu hai dekadienali kidogo majini na kuangalia ndani ya seli. Ndani ya dakika chache kalsiamu ilipanda na seli zikatengeneza oksidi ya nitriki, molekuli ambayo hata mishipa yetu ya damu huitumia kupashana habari. Dozi ilipokuwa kubwa, seli zilijiua kwa utaratibu. Dozi ilipokuwa ndogo, hazikufa. Na zilipopewa baadaye dozi ambayo ingeziua, zikastahimili. Huo ni mwenendo wa kiumbe kilichosikia jambo na kujiandaa. Sumu tupu haiachi anayeipokea akiwa na nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Kwa nini mafuta yaliyooksidika yawe mjumbe mzuri? Kwa sababu ni vigumu kusema uongo kwa njia hiyo. Asidi huru za mafuta hazitapakai ndani ya seli nzima; hupatikana kwa wingi pale tu utando unapovunjika. Oksijeni ipo kila mahali penye usanisinuru, lakini hidroperoksidi ya mkono mmoja yenye oksijeni kwenye kaboni fulani haitokei mpaka kimeng'enya cha aina fulani kikutane na mafuta hayo. Kwa hiyo molekuli moja inabeba taarifa mbili kwa pamoja: kwamba kuna utando umevunjika, na kwamba ni wa kiumbe cha jamii hii. Tena haidumu. Aldehidi hizi hushika chochote zinachokutana nacho na kutoweka, na hilo, ambalo kwa silaha ni kasoro, kwa habari ni sifa: tangazo la hatari lisilofutika lingemchosha kila msikilizaji.

Mtu makini atanishika hapa. Atasema: kama aliyekufa hakukusudia kusema, hiyo si habari bali ni alama, kama damu barabarani, jirani anaisoma, lakini hakuna aliyeiandika. Kwa daiatomu nakubali kwamba huenda ni hivyo, na ndiyo maana nilianza na moshi. Lakini mwani haukuishia hapo. Mwaka 1971 Dieter Müller, Lothar Jaenicke na wenzao walitangaza umbo la kitu ambacho gameti za kike za Ectocarpus siliculosus, mwani mdogo wa kahawia wenye nyuzi, hutoa ili kuziita gameti za kiume. Gameti ya kike hutua na kutulia, huanza kunukia, na za kiume huja zikiogelea na kuizunguka. Kitu hicho wakakiita ektokarpini, kaboni 11 tupu na hidrojeni. Baadaye ilidhihirika kwamba kinatokana na mojawapo ya asidi zilezile za kaboni 20: oksijeni huwekwa kwenye kaboni ya tisa, kisha mnyororo hukatwa, kipande cha kaboni 9 kikaondoka na oksijeni na cha kaboni 11 kikabaki kuwa harufu. Wilhelm Boland alionyesha mwaka 1995 kwamba mwito wenyewe ni umbo la muda mfupi linalotangulia ektokarpini na kujigeuza baada ya dakika kadhaa. Hapa hakuna jeraha wala mlaji. Aliye hai anatumia jiko la waliojeruhiwa ili kusema na aliye hai, na msikilizaji aliyekusudiwa yupo umbali mdogo tu. Sehemu ya ile tunayoiita harufu ya bahari ni mazungumzo ya namna hii yaliyovuja nje ya maji.

Kwa mwani mwekundu habari hubaki ndani ya mwili mmoja. Chondrus crispus, unaomea kwenye miamba ya Atlantiki ya kaskazini, hushambuliwa na mwani mwingine mdogo wa kijani, Acrochaete operculata, unaopenya tishu zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kinga yake hutumia oksilipini za makundi mawili kwa pamoja: zile za kaboni 18, ambazo mimea ya nchi kavu hutumia kutangaza jani lililotafunwa, na zile za kaboni 20, ambazo wanyama hutumia kuleta homa, uvimbe na maumivu. Mahindi shambani yana lugha moja. Mwili wa mtu una nyingine. Mwani huu unazo zote mbili. Kopepodi, kiwavi na kidonda cha goti ni mambo yaliyo mbalimbali sana, lakini mafuta ya utando yanapokatwa na kupewa oksijeni, ujumbe katika kila kimoja ni uleule wa kwanza: hapa pamevunjika.

Hata usumu, tukiufuata hadi mwisho, unarudi kwenye habari. Gracilaria ni mwani mwekundu wenye matawi membamba, unaopatikana bahari nyingi zenye joto, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo. Japani huuita ogonori na kuula, kwa kawaida baada ya kutayarishwa kwa chokaa. Pamekuwa na visa vya watu kuugua vibaya, na wengine kufa, baada ya kuula ukiwa mbichi. Mwaka 1984 Nobuhiro Fusetani na Kanehisa Hashimoto walipendekeza mshukiwa: prostaglandini E2, iliyotengenezwa na mwani wenyewe kutoka asidi ya arakidoniki. Molekuli hii si ngeni kwetu. Ni ya ukoo ule uliowapatia Sune Bergström, Bengt Samuelsson na John Vane Tuzo ya Nobel mwaka 1982, ukoo ambao aspirini huuzuia, na ambao wakunga wanaujua kupitia dawa ya misoprostoli, jamaa ya bandia ya prostaglandini E1, inayobana mji wa mimba na kuzuia damu baada ya kujifungua. Ogonori hauna mji wa mimba wala damu. Mwenye kuula mbichi hapati sumu iliyobuniwa kumwua binadamu. Anapata dozi kubwa ya neno ambalo mwili wake unalielewa kupita kiasi, na shinikizo la damu linaanguka kwa sababu mishipa imetii.

Dozi, basi, ndiyo inayoamua neno ligeuke sumu, na baharini dozi hubadilika kwa hatua chache za upana wa seli. Katika maji ya wazi aldehidi hizi hupimwa kwa viwango vidogo mno kuliko vile vinavyotumika maabara, na wakosoaji wamelitumia hilo kusema kwamba majaribio mengi hayana maana. Lakini daiatomu wafao hawasambai majini mmoja mmoja. Hushikana wakawa vitonge vinavyozama, na ndani ya kitonge hakuna maji ya wazi. Mwaka 2015 Bethanie Edwards na wenzake walikusanya vitonge vya namna hiyo katika Atlantiki ya kaskazini na kuwatilia bakteria wanaovila aldehidi kwa viwango mbalimbali. Kati ya mikromola 1 na 10 kwa lita, bakteria walipumua kwa kasi zaidi na kukivunja kitonge upesi. Kwenye mikromola 100 walizorota. Kaboni iliyokuwa ikishuka kwenda vilindini ama ilirudishwa juu ama iliachwa izame, kwa kutegemea ni seli ngapi zilizokuwa zimepasuka ndani ya kitonge kimoja na majiko mangapi yalikuwa bado yanawaka.